Njoo na namba zako: hotuba ya kufungua semina za bure za hesabu za kompyuta, Lubumbashi

Wazee wetu maprofesa, maasista, wahandisi mliotoka Likasi na Kolwezi kabla jua halijachomoza, mama na baba, na ninyi wanafunzi mliojaa kule nyuma: jambo yenu. Aksanti kwa kutupa Jumamosi yenu, siku ambayo kila mtu ana harusi, ana matanga au ana soko.

Semina hizi ni za bure. Hakuna pesa ya kujiandikisha, hakuna pesa ya cheti, na programu tutakazotumia hazilipiwi leseni leo wala mwaka kesho. Tunalitaja hili mwanzo kwa sababu wapo vijana wengi katika mji huu wanaoamini kwamba hesabu za kihandisi kwenye kompyuta ni mali ya makampuni makubwa ya migodi. Si kweli, na saa tatu za leo zitatosha kuwaonyesha.

Wengi mmesikia jina MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi. Cleve Moler, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake watumie maktaba za hesabu za matriki (majedwali ya namba) bila kuandika Fortran, lugha ya kompyuta ya zamani. Mwaka 1984 ikaanzishwa kampuni ya MathWorks kuiuza. Ni chombo imara, na anayefanya kazi mahali penye leseni aendelee nacho. Ila kinachozunguka mjini kwenye flashi ni nakala zilizovunjwa kufuli. Nakala hizo huja na virusi, hazipati masahihisho, na mwanafunzi anayeandika TFC (kazi yake ya kumaliza masomo) kwa nakala ya wizi hawezi kueleza waziwazi, katika sura ya mbinu, ametumia chombo gani. Hilo linatuuma, maana dawa yake ipo na haina bei.

Dawa yenyewe ni GNU Octave. John Eaton alianza kuiandika kwa nguvu zote mwaka 1992, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 1994. Ilikusudiwa kwanza kusindikiza kitabu cha wanafunzi kuhusu usanifu wa riakta za kemia, na jina lake limetokana na Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemia aliyesifika kwa kukadiria jibu haraka kwa kalamu na kipande cha karatasi. Watu wa metalurjia mliomo humu, chombo hiki kilizaliwa katika ukoo wenu.

Lugha ya Octave na ile ya MATLAB zinafanana karibu kila mahali, kwa hiyo faili unayoandika nyumbani itatembea kazini, mradi ujiwekee nidhamu mbili tatu. Maelezo, yale maneno ambayo mashine huyaruka, yaanzie kwa alama ya %, usitumie #, kwa kuwa # inaeleweka Octave peke yake. Funga kila fungu la amri linaloanza na if au for kwa neno end, usitumie endif wala endfor. Na x += 1 inapita Octave lakini MATLAB itaikataa; andika x = x + 1. Kwa michoro ya visanduku ya mifumo ya udhibiti tutatumia Scilab iliyoanzia Ufaransa, kwa sababu ina Xcos, chombo cha kuchora mifumo hiyo, na menyu zake zipo kwa Kifaransa. Lugha ya Python tutaifikia Jumamosi ya tatu, ikiwa na vifurushi vyake NumPy cha hesabu na Matplotlib cha michoro. Leo ni Octave tu.

Sasa tuingie kiwandani. Chukueni seli moja ya elektrolisisi ya shaba, yaani tangi ambamo umeme hushusha shaba kutoka kwenye mchanganyiko hadi kwenye bamba liitwalo kathodi. Mkondo ni ampea elfu 20, muda ni saa 24. Sheria ya Faraday inasema uzito wa shaba inayoshika kwenye kathodi ni mkondo mara muda mara uzito wa moli, ukigawa kwa idadi ya elektroni mara namba thabiti ya Faraday. Kwenye Octave:

I = 20000;
t = 24*3600;
M = 63.546;
n = 2;
F = 96485;
m = I*t*M/(n*F)/1000

Mstari wa mwisho hauna nuktamkato, ndiyo maana jibu linajitokeza kwenye kioo: 569.04. Hizo ni kilo. Mistari mingine ina nuktamkato ili inyamaze.

Watu kadhaa humu leo wataandika t = 24, na jibu lao litakuwa 0.158. Mashine haitasema neno. Haijui kwamba ampea inataka sekunde. Imepewa namba, imezidisha namba. Atakayekuokoa ni wewe mwenyewe, ukijua kwamba ampea-saa moja hushusha takriban gramu 1.19 za shaba. Ampea elfu 20 kwa saa moja ni karibu kilo 24, kwa saa 24 ni karibu kilo 570. Hesabu hiyo ya kichwa inachukua nusu dakika, na katika semina hizi tutaidai kabla ya kila zoezi: andika kwanza kwenye karatasi unategemea nini, ndipo ubonyeze.

Kathodi zikipimwa kwenye mizani hazifiki kilo 569. Sehemu ya mkondo inapotea: anodi na kathodi zinagusana, au chuma cha feriki kilichomo kwenye mchanganyiko kinakula elektroni kikirudi kuwa feroso. Uwiano wa uzito halisi kwa uzito wa nadharia ndio ufanisi wa mkondo. Tuwe na uzito wa siku saba, namba za mazoezi:

kg = [520 515 531 488 522 519 525];
uf = kg ./ m * 100

Octave inatoa asilimia saba kwa mpigo: 91.4, 90.5, 93.3, 85.8, 91.7, 91.2, 92.3. Siku ya nne inaruka machoni. Mtu mwenye haraka ataandika ripoti kwamba siku ya nne seli iliugua, na mafundi watatumwa kutafuta mgusano usiokuwepo. Fungueni kwanza daftari la zamu. Limeandikwa: siku ya nne umeme ulikatika kwa muda wa saa moja na nusu. Basi muda nao uwe vekta, yaani orodha ya namba:

t = [24 24 24 22.5 24 24 24]*3600;
m = I*t*M/(n*F)/1000;
uf = kg ./ m * 100

Siku ya nne sasa inasoma 91.5. Seli ilikuwa nzima. Kilichokuwa na kasoro ni dhana yetu ya saa 24.

Angalieni ile nukta ndogo mbele ya alama ya kugawa, maana hapo ndipo wengi huumia. Alama ./ inagawa siku kwa siku. Ukiisahau nukta na kuandika kg / m, vekta mbili za urefu sawa, Octave haitakataa. Itatatua tatizo jingine kabisa, la kutafuta namba moja inayokaribisha orodha moja kwa nyingine kwa njia ya miraba midogo kabisa, na itakurudishia namba moja karibu na 0.917. Ukizidisha kwa 100 unapata 91.7, namba yenye sura ya ukweli. Unaiandika kwenye ripoti na siku zako saba zimemezwa. Ukikosea kwa kuzidisha, kg * m, una bahati: Octave itapiga kelele kwamba vipimo vya 1x7 na 1x7 havilingani, na utarudi kuangalia. Kosa lenye kelele halitutishi. Tunaogopa lile linalokuja kimya na jibu la kupendeza. Kwa hiyo baada ya kila mstari muhimu andika size(uf) uone kama umepata ulichotegemea: safu moja, nguzo saba.

Twende kwenye mchanganyiko wa mawe, wahandisi wa migodi wasione wamesahauliwa. Una marundo matatu. La kwanza lina shaba asilimia 4.2 na dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa) asilimia 5. La pili 2.1 na 14. La tatu 1.8 na 6. Kiwanda kinataka tani 1000 zenye shaba asilimia 3 na dolomiti asilimia 8, kwa kuwa dolomiti inakula asidi ya salfuriki kwenye matangi na kila asilimia ni pesa. Uchukue tani ngapi kila rundo?

A = [1 1 1; 4.2 2.1 1.8; 5 14 6];
b = [1000; 3000; 8000];
x = A\b

Namba 3000 na 8000 ni tani 1000 mara asilimia 3 na mara asilimia 8. Jibu, kwa tani: 461.5, 307.7 na 230.8. Mkwaju ule wa kurudi nyuma, alama ya \, ndio chombo chenu cha kutatua milinganyo. Wekeni kando inv(A)*b, njia ya kinyume cha matriki mliyofundishwa kwenye vitabu vya zamani, kwani ni nzito zaidi na inapoteza usahihi. Kisha hakiki: A*x - b, na matokeo yawe sifuri au namba ndogo sana yenye e-13 mwishoni.

Sasa mkuu wa kiwanda anapiga simu, anataka asilimia 4 badala ya 3. Badilisheni 3000 iwe 4000. Octave inajibu mara moja: 871.8, 359.0, na hasi 230.8. Tani hasi! Uhakiki wa A*x - b unapita safi kabisa, maana kihisabati jibu ni sahihi. Maana yake ardhini ni kwamba kwa marundo haya matatu asilimia 4 ya shaba pamoja na asilimia 8 za dolomiti haiwezekani, na mtu lazima amwambie mkuu hivyo. Sharti kwamba tani zisiwe chini ya sifuri halimo katika milinganyo hiyo. Jumamosi ya pili tutalitia ndani kwa glpk, amri ya kutafuta jibu bora chini ya masharti, iliyomo ndani ya Octave tayari, na hapo tutaweza hata kuuliza ni mchanganyiko upi wenye dolomiti ndogo kuliko yote.

Kuna jambo linalotukuta sisi wa nchi zilizosoma kwa Kifaransa ambalo vitabu vya Waingereza na Wamarekani havilitaji: mkato. Hapa tunaandika 38,4. Jedwali lililohifadhiwa na Excel ya Kifaransa kama CSV, faili la maandishi matupu, linatumia mkato kwa desimali na nuktamkato kutenganisha nguzo. Octave inataka nukta. Ukiipa str2double, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, maandishi '38,4' itadhani mkato ni wa kutenga maelfu, itautupa, na kukurudishia 384. Joto la tangi limekuwa mara kumi, bila onyo. Ukiipa vekta [38,4] itaona namba mbili, 38 na 4.

Dawa: fungua faili kwa mhariri wa maandishi wa kawaida, badilisha mikato yote iwe nukta, hifadhi kwa jina jipya, kisha soma hivi:

d = dlmread('tangi.csv', ';', 1, 0);

Ile 1 inaruka mstari wa vichwa. Lakini tazama faili kwanza. Ikiwa nguzo zenyewe zimetengwa kwa mikato, kubadilisha kutaharibu kila kitu, na ndiyo maana tunahifadhi kwa jina jipya na kuacha ya asili ilivyo. Tazama pia maelfu: 1 250 yenye nafasi katikati itavunjika, na nafasi hiyo mara nyingi ni ya aina ya pekee isiyofutika kwa kutafuta nafasi ya kawaida, inakili kutoka kwenye faili lenyewe ndipo uibadilishe. Wa Python wana njia fupi: read_csv ya pandas, kifurushi cha majedwali, inakubali sep=';' na decimal=','.

Na kibodi. Kompyuta nyingi hapa ni AZERTY, mpangilio wa vitufe wa Kifaransa, na mtu anaweza kupoteza robo saa akitafuta mabano ya mraba huku akiona haya kuuliza. Kwenye AZERTY ya Ufaransa, [ ni AltGr na 5, ] ni AltGr na kitufe cha mabano ya kufunga kando ya sifuri, mkwaju wa nyuma ni AltGr na 8. Kwenye ya Ubelgiji, [ ipo kwa AltGr na kitufe cha ^, ] kwa AltGr na $, mkwaju wa nyuma kwa AltGr na <. Zote mbili zinataka Shifti ili kupata nukta. Tumebandika karatasi ya vitufe hivi kwenye kila meza. Asiyeona yake anyooshe mkono sasa hivi.

Majina ya faili nayo yana kesi yake. Ukiita faili tp-1.m, Octave ikisikia tp-1 itatafuta kitu kiitwacho tp na kukitoa moja. Andika tp1.m au tp_1.m. Usiite faili yako sum.m wala plot.m, utakuwa umefunika kazi ya asili yenye jina hilo, na kesho kutwa utashangaa kwa nini kujumlisha kumekufa. Wekeni kazi katika folda isiyo na nafasi wala herufi za aksanti katika njia yake, mfano C:\semina.

Dakika moja kwa namba zenyewe. Andikeni 0.1 + 0.2 == 0.3. Octave inajibu 0, yaani uongo. Moja ya kumi katika mfumo wa jozi, ule wa 0 na 1 unaotumiwa na mashine, haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwa desimali, na mashine hukata mahali fulani. Tofauti hapa ni ndogo mno, lakini inajikusanya. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mfumo wa makombora ya kujilinda wa Patriot ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde katika biti 24. Saa yake ilikuwa imekosea takriban theluthi ya sekunde. Ikatosha kwake kutafuta kombora la adui mahali lisipokuwepo, na askari 28 wakafa. Kwa hiyo usilinganishe namba za desimali kwa ==. Andika abs(a-b) < 1e-9, na kiasi hicho cha mwisho ukichague kwa kujua kipimo chako kina usahihi gani.

Sasa umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, itatufikia, tuipange. Laptopu 20 za wati 60 ni wati 1200, projekta wati 300, jumla 1500. Grupu letu, yaani jenereta, ni la kVA 2.5, na tukilihesabu kwa kizidishi cha 0.8 linatoa wati 2000. Zimebaki 500. Resho moja, jiko la umeme la kuchemshia chai, hula peke yake zaidi ya hizo, na ukumbi wote utazima. Tafadhali chai ichemshwe kwa makaa kule nje. Kila anayekuja na laptopu aje imejaa chaji, kwa sababu kati ya umeme kukatika na grupu kushika kuna dakika kadhaa.

Kwa ajili hiyohiyo, msifanye kazi kwa kuandika amri moja moja kwenye dirisha la amri. Umeme ukienda, zimekwenda. Andikeni kwenye faili, Ctrl na S kila baada ya mistari michache. Anayeendesha hesabu ya saa nyingi aweke ndani ya mzunguko wake:

if mod(k,500) == 0, save('hali.mat','x','k'), end

Kila baada ya mizunguko 500 hali inaandikwa diskini, na asubuhi unaanza kwa load('hali.mat') pale ulipofika. Mwangalifu zaidi hutumia faili mbili kwa zamu, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika, ile inayoandikwa huharibika na ya pili hubaki.

Kupakua Octave ni mega mamia kadhaa, na tunajua mega zinavyouzwa. Basi tumeweka nakala kwenye flashi, pamoja na toleo la zipu lisilohitaji kusakinishwa: unalifungua kwenye folda, unabonyeza faili ya kuanzishia iliyomo, linaanza. Hilo linawafaa wale ambao kompyuta ya ofisi haiwaruhusu kusakinisha kitu. Kwa Python bila intaneti, mtu mmoja mwenye mtandao anaendesha pip download numpy matplotlib -d mizigo, folda ya mizigo inahamishwa kwa flashi, na wengine wanaendesha pip install --no-index --find-links=mizigo numpy matplotlib. Inashindikana pale tu toleo la Python au aina ya Windows inapotofautiana na ya yule aliyepakua, kwa hiyo tumekubaliana toleo moja kwa wote, na limeandikwa kwenye kila flashi. Mtu akiona amri kama tf haijulikani, asidhani programu ni mbovu: vifurushi vingi vimo tayari kwenye Octave ya Windows lakini vimelala, vinaamshwa kwa pkg load control au pkg load statistics.

Jambo la mwisho ni ombi, na tunalisema kwa uzito. Jumamosi ijayo kila mmoja aje na namba zake mwenyewe. Mtu wa maji alete mita za kisima, mtu wa shamba alete mvua ya kila siku, mtu wa maabara alete uchambuzi wa mawe, mtu wa umeme alete volti za kila saa za mtaa wake, iwe Katuba, Kenya ya hapa Lubumbashi au Ruashi. Daftari la kalamu linatosha. Mistari 30 yatosha. Ondoeni majina ya watu na siri za kampuni, acheni namba, tarehe na vipimo. Kando ya kila nguzo andikeni kipimo chake: kilo au tani, saa au sekunde, asilimia au gramu kwa lita. Wasio na namba watapewa za mazoezi, lakini tumeona kwamba mtu akikosea kwenye namba alizozipima mwenyewe hulihisi kosa kabla hatujamwambia.

Flashi zipo kwa dada aliyekaa mlangoni. Kila flashi moja ni ya watu watano: nakilini, ipitisheni. Kisha fungueni Octave, andikeni ile mistari sita ya seli ya shaba, na yeyote atakayeona 0.158 atuite.